Rejeta Iliyopokewa kwa Mikono Miwili

Andilana, Nosy Be, 8 Februari 1937

Kwezi, mjomba Mroivili. Naisikia "mbona" yako ya kuitikia salamu kutoka huku, imekohoa kidogo kwa ajili ya tumbaku. Sisi hatujambo. Zalifa amejifungua mtoto wa kike mwezi uliopita, na tumempa jina la mama, Echa, Mungu amrehemu dada yako. Analia kwa sauti ya mama vilevile, kana kwamba kuna mtu amemchukulia kitu chake. Kimbunga kiling'oa milangilangi mingi na paa la jiko letu. Paa tumelirudisha, milangilangi ni shida ya mwenye shamba. Msalimu sana mkaza mjomba Koulsoum.

Naandika kwa herufi za Kiarabu tulizosoma chuoni na Kiswahili cha marehemu bibi, maana karani wa shamba hufungua barua zetu, naye ajuacho ni Kifaransa na Kimalagasi.

Jambo lenyewe ni gari. Musyu Vernhet, mwenye shamba, analo gari la mbio la viti viwili, refu mbele, limelala chini kama kitanda cha kamba. Nalipenda kuliko inavyonipasa. Lakini linachemka. Halina pampu ya maji, mjomba. Waliolitengeneza waliyaacha maji yajiendee yenyewe: yakipata moto kwenye injini hupanda, huingia kwenye rejeta, yakipoa hushuka na kurudi injini. Kwenye baridi ya kwao yanatosha. Huku kwetu, mlimani, mwendo wa taratibu na jua la saa sita, dakika kumi hazipiti kifuniko kinapiga mluzi.

Tarehe 14 Julai wazungu wanashindana kupanda barabara ya mlima Passot. Mwaka jana Musyu Vernhet alisimama katikati ya njia amezungukwa na mvuke, mabibi wakamcheka. Mwaka huu ameniambia mbele ya watu: likichemka tena, nyumba yetu ya gereji ataingia makanika kutoka Reunion, na mimi nirudi kwenye mitambo ya kuvukiza maua ya milangilangi kupata manukato. Miaka minne nilibeba kuni pale, unajua nilivyotoka na kifua gani. Ni spana iliyonitoa, na sina kingine.

Alitaka rejeta iende kwa Karana mmoja, Mhindi wa huko kwenu Mahajanga, anayetengeneza za malori. Nikamwambia hapana, mjomba wangu ndiye aliyenifunza kulehemu, hakuna mkono kama ule pwani yote. Akasema sawa, ni juu yako. Ninachotaka ni uiongezee safu ya tatu ya mirija nyuma ya zile mbili, na vichwa vya juu na chini vipanuliwe vizipokee. Nijibu kwa meli ya kwanza, ndiyo au hapana.

Mpwa wako, Ousséni

*

Mahajanga, 21 Machi 1937

Mbona, mpwa wangu, mbona na baraka. Barua imefika na imesomwa mara mbili. Mungu amkuze Echa mdogo, ampe akili ya mwenye jina na ampunguzie ulimi wake. Sisi wazima. Mvua imejaza mifereji ya mtaa wetu wa Mahabibo, nami niliteleza katika mmoja nikaumia goti, kwa hiyo siku hizi nasali msikiti wa karibu. Koulsoum ndiye anayeandika haya. Kifundo cha mkono kimechoka na nyundo, kalamu sitaki kuigusa.

Umeniuliza ndiyo au hapana kama hakimu. Tangu lini mtoto wa dada akamwekea mjomba wake milango miwili tu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la mkuu ni hili: mtu hamtii mwenzake dhamana bila kumwuliza. Huyo Karana si fundi mbaya. Ana chombo cha kupimia, ana moto wa gesi. Kama Musyu wako anamtaka, mwache ampelekee, hakuna aibu.

Lakini umekwisha kutaja jina langu mbele yake. Neno likitoka halirudi. Koulsoum ananiambia niseme wazi, nami nimemwambia aandike ninachosema. Mlangoni mwangu hujawahi kufukuzwa.

Mjomba wako, Mroivili

*

Andilana, 11 Aprili 1937

Kwezi, mjomba. Pole kwa goti. Wewe uliyekuwa ukipita juu ya majahazi bandarini umekuja kuangushwa na mfereji, nitawaambia watu ulisukumwa. Echa ameanza kucheka. Zalifa ana homa za vipindi lakini anafanya kazi.

Barua yako nimeisoma huku na huku nikitafuta ndiyo, nimeikuta imejificha kwenye mlango usiofukuza mtu. Basi rejeta inakuja na nahodha Ahamada, imefungwa kwa magunia mawili. Nimekuchorea vipimo, na kijiti nilichofunga kwa uzi ndio unene wa safu mpya, usiutegemee mchoro wangu.

Upande wangu nimefanya niwezalo. Upepo ulikuwa ukipita pembeni mwa rejeta badala ya kupita ndani yake, nimeweka mabati kushoto na kulia mpaka chini, sasa hauna pa kukimbilia. Boneti nimeikata matundu marefu kila upande, joto litoke. Cheche zilikuwa zinachelewa kuwaka, nazo zikichelewa injini hupata moto bure, nimezirekebisha. Magamba ya chokaa niliyotoa ndani ya injini yanajaza kofia, waliokuwa wakilinywesha walikuwa wakilitilia maji ya kisima. Sasa linakunywa maji ya mvua tu, linaishi vizuri kuliko sisi.

Haya yote yamenipatia nusu ya mlima. Nusu iliyobaki iko mikononi mwako, mjomba. Musyu hupita gereji kila asubuhi akaangalia ile nafasi tupu mbele ya injini, kisha akaniangalia mimi.

Ousséni

*

Mahajanga, 30 Mei 1937

Mbona, mpwa wangu. Maulidi yamepita kwa heri. Walinikalisha mbele pamoja na wazee, na nilisoma kwa moyo yale ninayoyajua.

Kazi imekwisha. Imechukua muda, usiniulize kwa nini. Mirija ni ya shaba nyekundu niliyoivuta mwenyewe, safu ya tatu imekaa. Nimeisugua kwa ukwaju na majivu, Koulsoum anasema inang'aa kama sinia ya harusi. Nahodha Ahamada anairudisha.

Zalifa anywe mchaichai. Sina la zaidi.

Mroivili

Ousséni mwanangu, hapa chini naandika mimi Koulsoum, na mjomba wako hajui. Kabla ya kuifunga garini, izamishe kwenye pipa la maji uipulizie, utazame mapovu. Nakuomba.

*

Andilana, 20 Juni 1937

Kwezi, mjomba. Zalifa amepona na anakushukuru. Echa amekaa peke yake sekunde kadhaa, kisha akaanguka akatutazama kama sisi ndio tuliomwangusha.

Rejeta imefika. Ahamada aliishusha mwenyewe na kuisifu mbele ya watu wote pale ufukweni, akasema mng'ao ule hajapata kuuona ila kwa Mroivili. Nimeipokea kwa mikono miwili, kama kinavyopokewa kitu kitokacho kwa mjomba. Nimeipaka rangi nyeusi, maana kitu cheusi hutoa joto haraka kuliko kinachong'aa, usidhani nimedharau usuguaji wako. Kisha nimeifunga.

Nimelikimbiza gari kwenye barabara ya tambarare, kwenda na kurudi, na sindano ya kipimajoto haikugusa hata robo ya pili. Musyu Vernhet alinipiga begani akasema neno la Kifaransa ambalo huwaambia farasi wake. Mlimani hatujajaribu. Ameogopa kulichosha kabla ya siku yenyewe.

Mwambie mkaza mjomba barua nimeisoma yote.

Ousséni

*

Mahajanga, 9 Agosti 1937

Mpwa wangu, kwezi yako haikufika mwezi wa Julai, wala Agosti. Meli mbili zimekuja bila barua. Sisi wazima, wewe je? Echa je?

Baharia mmoja amesema dukani kwamba siku ya mashindano Nosy Be kulikuwa na gari lililolipuka mvuke na mtu akaunguzwa. Sikumwamini, mabaharia hupika habari njiani. Lakini hakujua jina la mtu huyo, na tangu hapo sikuweza kukaa. Nilimtuma Koulsoum kwa Ahamada, Ahamada akasema hajui kitu. Mtu akisema hajui kitu haraka vile, anajua.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Mroivili

*

Andilana, 2 Septemba 1937

Kwezi, mjomba. Echa mzima. Zalifa mzima. Naandika kwa mkono wa kushoto, mkaza mjomba atashangaa mwandiko.

Yalikuwa magari matano. Musyu Vernhet aliendesha, mimi nilikaa kando yake kutazama kipimajoto. Tulipanda vizuri. Kona ya tatu tulikuwa mbele, sindano imetulia, nami nikaanza kufurahi, ndio ukweli. Kona ya tano mshono wa kichwa cha juu uliachia. Si mrija hata mmoja, ni mshono. Ulifunguka kama mdomo, maji yote yakatoka. Niliruka chini kwenda kuona, maji yakanimwagikia mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Wakati wananishughulikia, Musyu alikwisha kuiwasha injini tena, kavu, apate kufika juu. Ilikwenda hatua kama mia, ikakamata, ikanyamaza. Haizunguki tena.

Husemwa maji ya moto hayachomi nyumba. Nyumba kweli hayakuichoma, lakini tumetolewa. Makanika wa Reunion amekwisha kuingia. Daktari wa mjini Hell-Ville alifunga mkono wiki nne, alipoufungua vidole vitatu vilikuwa vimeshikana. Havikunjiki. Spana siwezi kuishika, hata kuni kwenye mitambo siwezi kuzibeba, kwa hiyo wamenipa kazi ya kuzoa maua yanayodondoka chini. Hukaa na wanawake na bibi zao, nao hunionea huruma, jambo nisiloweza kulivumilia.

Lehemu iliachia, mjomba, ndivyo ilivyokuwa. Sikulaumu.

Ousséni

*

Mahajanga, 28 Septemba 1937

Mpwa wangu, leo sina salamu ndefu. Koulsoum alisoma barua yako mpaka katikati akashindwa, tukamalizia kesho yake.

Umeandika kwamba Koulsoum atashangaa mwandiko. Hukuandika kwamba mimi nitashangaa. Nikatambua kwamba umetambua, basi niyaseme mwenyewe kabla hujaniuliza.

Sioni, Ousséni. Jicho la kulia lilikwenda mwaka juzi. La kushoto laona mwangaza wa mlango, na mtu akisimama hapo naona giza lenye umbo lake. Sikuteleza mferejini, niliukanyaga nikidhani ni njia. Zaidi ya Koulsoum hakuna aliyejua, au ndivyo nilivyodhani. Bado nilikuwa nafua birika na kuziba masufuria kwa kidole na kwa sikio, watu wanachukua vyombo vyao wanasema ahsante, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Nikajiona naweza.

Rejeta yako niliilehemu hivyohivyo. Koulsoum alikaa karibu akiniambia rangi ya chuma cha moto. Mirija naielewa kwa vidole, moja moja, na hiyo umesema mwenyewe haikuvuja. Ule mshono wa juu ni mrefu. Risasi ya kulehemu hupoa kabla kidole hakijafika mwisho kuijua, na kidole kikifika mapema huungua. Niliurudia mara nne. Mara ya nne nilijiambia umekaa, kwa sababu nilitaka uwe umekaa.

Ningeweza kukataa. Machi niliivutavuta barua yote nikitafuta pa kusema hapana. Koulsoum alinisihi nikatae. Lakini ulikuwa umeniweka mbele ya mzungu, umesema hakuna mkono kama ule pwani yote, na mimi nilikuwa sijasikia neno kama hilo siku nyingi. Kwetu mtoto wa dada akiomba, mjomba hutoa. Nimetoa nisicho nacho, na wewe umekilipia kwa mkono wako. Dada yangu Echa aliniachia mtoto mmoja tu nimtunze. Nitamwambia nini?

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Mroivili

*

Andilana, 25 Oktoba 1937

Kwezi, mjomba. Echa ametoa meno mawili. Zalifa hajambo.

Barua yako imenilaza chini. Umeomba msamaha mpaka nikaona haya kuishika karatasi. Sasa nisikilize, na mkaza mjomba asiruke neno.

Nilijua. Sikujua baada ya ajali, nilijua siku niliyofungua gunia. Mng'ao ulikuwa wako, lakini mshono wa juu ulikuwa umejaa vifundo, mahali pengine risasi imerundikana, mahali pengine ni pembamba hata nyama ya shaba inaonekana. Nilipitisha kidole gumba juu yake. Wewe ndiye uliyenichapa nikiwa na miaka kumi kwa mshono mzuri kuliko ule. Nilikaa chini kwenye sakafu ya gereji nikalia, mjomba, maana nilifahamu palepale habari ya mfereji, na ya kifundo cha mkono, na ya kusoma Maulidi kwa moyo.

Pipa la maji lilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Kila chombo kilichowahi kunipitia nilikizamisha humo. Chako sikukizamisha. Kwetu kitokacho kwa mjomba hakipimwi, ndivyo nilivyojiambia, lakini sababu hasa ni kwamba mapovu yangetoka, na nikishayaona ningelazimika kukuandikia. Ningekuandikia nini? Kwamba umekwisha? Na kuilehemu upya mwenyewe sikuweza, ningekuwa nimekufuta kwa mkono ulioufunza wewe. Kwa hiyo niliipaka rangi. Habari ya cheusi kutoa joto ni kweli, lakini sikuipaka kwa ajili hiyo. Niliipaka ili Musyu asiuone mshono, na mimi nisiuone.

Na jingine. Maji hayakunimwagikia. Tuliposimama mshono ulikuwa umefunguka kama urefu wa kidole tu, na magari mengine yalikuwa yanakuja nyuma yetu na wale wazungu wanaojua injini. Niliufunika kwa kitambaa na kiganja, nikaukandamiza, wasiuone na kuuliza ni kazi ya nani. Ndipo ulipoachia wote. Sikuutoa mkono mara moja.

Kwa hiyo huna deni la msamaha kwangu. Nilikustahi, basi. Mambo yakawa hivi.

Ousséni

*

Mahajanga, 19 Novemba 1937

Ousséni,

Tumo katika Ramadhani. Koulsoum hakuruka neno.

Wiki tatu nimekaa na barua yako. Mwanzo nililia kwa ajili ya mkono wako, na bado nalilia. Kisha nikapandwa na hasira, na hasira hiyo haijatoka, kwa hiyo nakuandikia nikiwa nayo.

Ungenirudishia. Ungeandika: mjomba, hii si kazi. Ningekaa kizingitini siku tatu bila kula wala kusema na mtu, siku ya nne ningekula. Rejeta ingekwenda kwa Karana, ungepanda mlima, leo ungekuwa na mkono na nyumba, na mimi ningekuwa kipofu tu, jambo ambalo Mungu amelipanga na halina aibu. Aibu ya mzee huisha akizikwa. Wewe una miaka ishirini na sita. Umeniwekea heshima niliyokuwa siihitaji, ukailipia kwa kitu ambacho sitaweza kukurudishia.

Nami nimekosa sawasawa na wewe, najua. Tumefanyiana adabu mpaka tukaangamizana.

Lakini kilichoniondolea usingizi ni kingine. Umesema ulipitisha kidole juu ya mshono, ukajua, ukanyamaza, ukaniandikia ahsante. Nikaanza kuwafikiria wengine. Zaïnabou muuza maandazi, aliyekuwa akileta birika lake kila mwaka, mbona hajaja tena? Fazul wa mkahawa je? Wale wote waliochukua vyombo vyao mlangoni pangu wakasema ahsante, mzee, Mungu akuweke, na hakuna aliyerudi. Niliuhesabu ukimya wao kuwa ni sifa. Jana nilimwuliza Koulsoum: "Vyombo vyangu vinavuja?" Nikamwuliza mara ya pili. Akasema, "Miaka miwili sasa."

Nyumbani mwetu mwenyewe, chai anapika kwa sufuria ya dukani. Sikuwa najua.

Idi ikipita, Koulsoum atanishika mkono na tutazunguka Mahabibo yote, nyumba kwa nyumba, na kila mlango nitasimama niulize ni kipi kinachovuja. Watasema hakuna, mzee, vyote vizima. Nitalazimika kuingia jikoni kwa kila mmoja wao, nitie maji chomboni, na nisubiri nimeweka kidole chini yake.

Mjomba wako,
Mroivili